Memba anataka kutoka katikati ya mzunguko na akiba yake: uhuru wake unaishia wapi?

Katibu_Koboko

Habari zenu wakubwa. Kikundi chetu cha akiba na mikopo hapa Koboko, Uganda, kina memba 25. Hisa ni shilingi 5,000, mtu hununua hisa 1 hadi 5 kila wiki, mkopo ni hadi mara tatu ya akiba, riba 5% kwa mwezi, na mzunguko unafungwa Desemba kwa mgao wa akiba na faida. Tunaandika upya katiba ya kikundi na vipengele vitatu vimetugawa:

1. Memba haruhusiwi kutoka kabla ya mgao. Akitoka, akiba yake yote inabaki kwa kikundi.
2. Memba wote ni wadhamini wa kila mkopo.
3. Kamati ina haki ya kufuatilia mkopo umetumikaje. Aliyeunywea pombe au kuuchezea kamari anatozwa faini ya 50,000.

Upande mmoja unasema mtu mzima ana uhuru na jasho lake, tena Katiba ya nchi inamlinda. Upande wa pili unasema uhuru wa namna hiyo abaki nao nyumbani, maana ukishaingia kikundi umejifunga mwenyewe. Mkutano uliisha bila kura. Naomba wanaozijua kazi hizi watupe hoja na hesabu, mahubiri tumeshayasikia.

Mkufunzi_Arua

Katibu, vipengele vyenu vinachanganya pesa za aina mbili: akiba ya mtu, na pesa za wenzake alizokopa. Kwenye ya kwanza uhuru wake ni mpana. Kwenye ya pili ni mwembamba sana. Mkishazitenganisha, nusu ya ugomvi inakwisha.

Mchukue memba wa kawaida katika wiki ya 30 ambaye amenunua hisa 72. Akiba yake ni 360,000. Kanuni ya mara tatu inamruhusu kukopa hadi 1,080,000. Akichukua zote, 360,000 ni zake na 720,000 ni za watu wengine. Huyo hana uhuru wa kuamka kesho na kusema "natoka", kwa sababu theluthi mbili ya alichobeba si chake. Lakini mwenzake mwenye hisa hizo hizo 72 na hana mkopo hata wa shilingi mia, mnamzuia kwa hoja gani?

Utaratibu wa kutoka unaofanya kazi ni huu. Anatoa taarifa mbele ya mkutano, si kwa simu ya mwenyekiti usiku. Katibu anafunga hesabu yake palepale: akiba, toa mkopo uliobaki pamoja na riba ya mwezi huo. Akiwa na akiba ya 360,000 na deni la 500,000, riba ikiwa 25,000, anadaiwa 165,000 juu ya akiba yake. Anazilipa kwanza, au anaandikiwa tarehe na wadhamini wake wanasaini. Kama hana deni, anarudishiwa 360,000, ila si siku hiyo. Sanduku la kikundi kinachokopesha vizuri halina pesa nyingi ndani, pesa ziko sokoni. Andikeni kwamba atalipwa katika mkutano wa mikopo unaofuata, kabla mkopo mpya haujatolewa kwa yeyote. Hapo ndipo vikundi vingi huharibu. Kamati inakopesha kwanza, anayetoka anaambiwa "subiri" miezi mitatu, naye anaanza kusema kijijini kwamba kikundi kimekula pesa zake. Wiki mbili baadaye wanne wengine wanataka kutoka.

Na faida? Tuseme siku hiyo sanduku lina 1,150,000 na mikopo iliyo nje ni 8,450,000, jumla 9,600,000. Hisa zote ni 1,800, kwa hiyo kila hisa imefika kama 5,333. Anayetoka atadai ile 333 ya kila hisa, yaani karibu 24,000. Msimpe. Sababu yake si kumkomoa: faida hiyo bado iko mikononi mwa wakopaji, na wakishindwa kulipa, mtakuwa mmempa yeye faida na kuwaachia waliobaki hasara. Arudishiwe bei aliyonunulia tu. Gharama ya kutoka mapema inakuwa 24,000, kitu ambacho mtu anaweza kukipima na kuamua. Ninyi mnataka iwe 360,000. Memba mwenye akili akiona kipengele hicho atanunua hisa moja kwa wiki hadi Desemba, na sanduku lenu litakauka.

MzeeOraba

Mkufunzi, hesabu zako nazikubali, lakini huku mpakani mambo ni tofauti. Mtu anachukua mkopo Jumamosi, Jumatatu yuko ng'ambo ya mpaka na simu imezimwa. Ndiyo maana watu wanataka kila mtu awe mdhamini. Ukijua deni la jirani ni deni lako, utamfuatilia. Mkianza habari ya uhuru wa mmoja mmoja, kila mtu atasema "mimi sikukopa". Kikundi kina maana gani basi?

Mkufunzi_Arua

Mzee, shikamoo. Hofu yako ni ya haki, dawa ndiyo nina shaka nayo.

Kwanza, kipengele cha pili kinaandika jambo ambalo tayari lipo. Yule wa 1,080,000 akitoroka, kikundi kinakamata akiba yake 360,000 na kupoteza 720,000. Zimebaki hisa 1,728 za wengine, kwa hiyo kila hisa inashuka kwa shilingi 417 hivi. Mwenye hisa 120 amepoteza 50,000, mwenye hisa 30 amepoteza 12,500. Hakuna aliyesaini udhamini wowote, na wote wameshalipa! Kuandika "wote ni wadhamini" hakuongezi shilingi moja. Kinachoongezeka ni kisingizio, kwa sababu wajibu wa watu 25 hauna mtu wa kuuamkia asubuhi.

Pili, jambo hili limepimwa. Huko Ufilipino watafiti Xavier Giné na Dean Karlan walifanya jaribio na benki moja ya mikopo midogo: vituo vingine viliendelea na dhamana ya kundi zima, vingine vikahamishiwa dhamana ya mtu mmoja mmoja. Baada ya miaka mitatu ulipaji haukuwa umeshuka. Najua Ufilipino si Oraba, na wale walikuwa bado wanakutana mbele ya wenzao. Lakini inaonyesha kwamba nidhamu ya kulipa haitoki kwenye sentensi ya "wote ni wadhamini".

Fanyeni hivi. Kila mkopo unaozidi akiba ya mkopaji uwe na wadhamini wawili au watatu waliotajwa kwa jina, na kila mmoja aseme kiasi. Memba wa 360,000 akipata wadhamini watatu wa 120,000 kila mmoja, kikomo chake ni 720,000, wala si 1,080,000. Kiasi hicho kiandikwe kwenye kitabu cha mkopaji na kwenye kitabu cha mdhamini, wote wawili waweke sahihi au dole gumba. Asiyetaka kudhamini anakaa kimya, na hakuna ruhusa ya kumuuliza sababu mbele ya watu.

Kinachoharibika mara nyingi ni duara. Amina anamdhamini Betty, Betty anamdhamini Amina, kumbe wote wamekopa na akiba moja inahesabiwa mara mbili. Katibu, ongeza safu moja kwenye daftari kuu, iite "akiba huru": akiba, toa mkopo wake mwenyewe, toa alichodhamini wengine. Ikifika sifuri, mtu huyo hadhamini tena mpaka kitu kilipwe. Safu hiyo moja inazuia hasara kuliko hotuba za mwenyekiti.

Sheria_Bombo

Niingie upande wa sheria, maana watu wameitaja Katiba bila kuifungua.

Ibara ya 29(1)(e) ya Katiba ya Uganda ya 1995 inampa mtu uhuru wa kuunda na kujiunga na vyama. Ibara ya 26 inalinda mali yake. Wanaopinga wanaishia hapo. Lakini Ibara ya 43(1) inasema mtu anapotumia haki na uhuru wake asidhuru haki na uhuru wa wengine wala maslahi ya umma, na Ibara ya 17(1)(b) inaweka kuheshimu haki na uhuru wa wengine kati ya wajibu wa kila raia. Kwa hiyo pande zote mbili za kikundi chenu zina ibara yake, na Katiba peke yake haiwamalizii kazi. Kazi inamalizwa na mkataba.

Katiba ya kikundi ni mkataba kati ya memba. Sheria ya Mikataba ya 2010 inataka ridhaa ya hiari. Mtu aliyetishwa, aliyedanganywa, au aliyesomewa kwa lugha asiyoielewa ana mlango wa kuupinga. Halafu kuna mambo mawili ambayo vikundi havijui. Mkataba wa thamani inayozidi pointi 25 za fedha, na pointi moja ni 20,000, yaani juu ya 500,000, lazima uwe wa maandishi. Na mkataba wa udhamini lazima uwe wa maandishi hata ukiwa wa 50,000. Kwa hiyo "wote walinyoosha mikono" si udhamini. Mahakamani kipengele chenu cha pili kitasumbua hapo hapo: sahihi ya mdhamini kwa mkopo huu iko wapi?

Kuhusu kunyang'anya akiba yote: sheria hiyo hiyo inasema mkataba ukivunjwa na adhabu ikiwa imetajwa ndani yake, aliyevunjiwa anastahili fidia ya kiasi kinachofaa, isiyozidi iliyotajwa. Kiasi kinachofaa. Kikundi kitaeleza vipi kwamba kuondoka kwa mtu asiye na deni kumewatia hasara ya 360,000?

Na mdhamini ajue anachoingia. Wajibu wake unaenda sawa na wa mkopaji isipokuwa mkataba useme vingine, ndiyo maana nampongeza Mkufunzi kwa kutaja kiasi. Unaanza pale mkopaji anaposhindwa kulipa. Akishalipa, ana haki ya kumdai mkopaji. Lakini kikundi kikimwongezea mkopaji miezi miwili bila kumuuliza mdhamini, mdhamini ana hoja nzuri ya kujitoa. Kwa hiyo muda ukiongezwa, sahihi mpya.

Deni likikataa: la hadi pointi 100, yaani 2,000,000, linaanzia mahakama ya LC (halmashauri ya mtaa) ya kijiji kwa Sheria ya Mahakama za Halmashauri za Mitaa ya 2006. La hadi 10,000,000 lina njia ya madai madogo kwa hakimu, bila wakili, baada ya kumpa mdaiwa notisi ya siku 14. Msiende kubeba mabati au mbuzi wa mtu kwa nguvu. Kikundi chenye madai ya haki hugeuka mshitakiwa siku hiyo hiyo. Na kitambulisho cha taifa msikishike kama dhamana. Bila hicho mtu hasajili hata laini ya simu, na laini hiyo ndiyo njia yake ya kutafuta pesa za kuwalipa.

Katibu_Koboko

Asanteni sana. Cha kwanza na cha pili vimenielea. Cha tatu bado. Wanaokitetea si watu wabaya. Wanasema wameona mkopo wa mbegu ukiishia kwenye mikeka ya kubashiri mpira, na mke wa mkopaji ndiye anakuja kulia kikundini. Je, mtu mzima akikopa, tunaruhusiwa kuuliza anapeleka wapi?

Mama_Bweyale

Katibu, kuuliza mnaruhusiwa, tena lazima. Suala ni mnauliza lini. Ulizeni kabla ya kutoa, pesa ikiwa bado sandukuni na ni ya wote. Ikishatoka, mkopaji ana wajibu mmoja kwenu, kulipa kwa tarehe. Alichofanya nacho katikati ni mambo yake na nyumba yake.

Sababu ni hii. Pesa haina alama. Mtu amekopa 300,000 za mbegu, akanunua mbegu kwa 300,000 alizopata kwa kuuza mbuzi, akacheza kamari na za kikundi. Kamati itamtoza faini au haitamtoza? Mtatumia mikutano mitatu kupekua maisha ya mtu ambaye pengine analipa vizuri. Na aliyeshindwa kweli, faini ya 50,000 inaongezwa juu ya deni ambalo tayari limemshinda. Mmejiongezea hasara kwa mkono wenu wenyewe.

Jambo jingine, faini ikishakuwa na bei watu huinunua. Huko Haifa, Israeli, Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichunguza vituo 10 vya kulelea watoto mchana. Katika 6 kati ya hivyo iliwekwa faini kwa mzazi anayechelewa kumchukua mtoto. Uchelewaji ukaongezeka karibu mara mbili, na faini ilipoondolewa haukurudi chini. Mzazi aliyekuwa anaona aibu kwa mwalimu sasa aliona amelipa, hana deni naye. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000, na mtu yeyote aliyewahi kutunza daftari la faini za kuchelewa mkutano atayatambua mara moja. Wenye pesa wanalipa 500 na kuendelea kuchelewa, maskini ndio wanaofika mapema na bado wanatozwa siku ya mvua.

Basi maswali kabla ya mkopo. Matatu yanatosha, mbele ya mkutano: unafanya nini na pesa, itarudi kutoka wapi, na ikichelewa utalipa kwa kitu gani? La tatu ndilo la maana. Anayekopa 300,000 kwa miezi mitatu analipa 100,000 kila mwezi na riba. Riba ikihesabiwa kwa mkopo wa mwanzo ni 15,000 kila mwezi, jumla 45,000. Ikihesabiwa kwa deni linalobaki ni 15,000, halafu 10,000, halafu 5,000, jumla 30,000. (Andikeni ni ipi! Ugomvi wa hiyo 15,000 umevunja vikundi vilivyovuka ukame.) Mkulima wa mahindi asipewe miezi mitatu ikiwa mavuno yako miezi mitano mbele. Huyo mtamwita mzembe mwezi wa nne, kumbe ni ninyi mliomwekea tarehe isiyolipika. Mlaumu mtu kwa lililokuwa mkononi mwake.

Kuhusu kamari, sheria ya 2016 ya bahati nasibu na michezo ya kamari inakataza mtu aliye chini ya miaka 25 kucheza. Juu ya hapo ni mtu mzima. Kikundi kina haki kamili ya kutomkopesha anayejulikana kwa tabia hiyo, hata kama akiba yake inamruhusu. Kukopa ni nafasi inayotolewa na kikundi, akiba ndiyo haki yake. Mwacheni aweke, arudishiwe Desemba.

MzeeOraba

Mama, hapo kwa kutokopesha nimekuelewa. Lakini mke anayelia?

Mama_Bweyale

Huyo mzee wangu analindwa kwa njia nyingine, tena mapema.

Kama mkopo umewekewa ardhi ya familia, yaani pale wanapoishi au wanapolimia chakula, Sheria ya Ardhi inataka ridhaa ya mwenzi wa ndoa kabla ardhi hiyo haijauzwa wala kuwekwa rehani. Karatasi aliyosaini mume peke yake ina ugonjwa tangu siku ya kwanza. Mimi ningesema kikundi cha akiba kisiguse ardhi kabisa. Dhamana iwe akiba na wadhamini, basi.

Upande wa pili wa jambo hilo hilo: mke ndiye memba, mume ndiye anayemtuma kukopa. Jina kwenye kitabu ni la mke, deni ni la mke, pesa ziko kwa mume. Kikundi hakiwezi kuingia chumbani mwao, ila kinaweza kuweka kanuni mbili. Pesa zinahesabiwa mkononi mwa memba mwenyewe mbele ya mkutano, haijalishi nani anasubiri nje na pikipiki. Na maombi ya mkopo yanaletwa mkutano mmoja kabla ya siku ya kutoa, ili mtu awe na wiki nzima ya kubadili mawazo bila kueleza. Atakayemwambia mumewe "kamati imekataa" asikosolewe na mtu yeyote wa kamati.

Katibu_Koboko

Sawa. La mwisho: memba akifariki na deni? Hilo hatukuliandika kabisa.

Sheria_Bombo

Liandikeni sasa, kabla halijatokea, maana siku ya msiba hakuna anayehesabu vizuri.

Ukurasa wa kwanza wa kila kitabu uwe na jina la mtu wa kupokea, limeandikwa na memba mwenyewe. Huyo anapokea kwa niaba ya nyumba. Kugawana ni suala la familia na sheria ya urithi, kikundi kisijifanye mahakama. Akiba inakatwa deni kwanza. Kikibaki kitu, kinalipwa mbele ya mkutano na mpokeaji anasaini. Deni likizidi akiba, amueni leo: linafutwa kutoka mfuko wa jamii, ule wa ugonjwa na mazishi, mpaka kiasi fulani, au wadhamini wanalibeba. Mimi ningechagua mfuko wa jamii kwa kifo, na wadhamini kwa anayetoroka. Mdhamini alikubali kubeba tabia ya mtu, hakukubali kubeba mauti yake. Lakini msipoandika hivyo waziwazi, ataambiwa alikubali vyote.

Mfuko huo mkiuchangia 500 kwa kila memba kwa wiki, mnapata 12,500 kwa wiki, 650,000 kwa mwaka kama hamjautumia kwa ugonjwa wala mazishi. Kwa hiyo kikomo cha kufuta deni msiweke zaidi ya 200,000 kwa mtu. Na mfuko ukae kwenye kifuko chake ndani ya sanduku, usichanganywe na pesa za mikopo.

Mkufunzi_Arua

Naongeza moja tu kwa Katibu. Mkishakubaliana, katiba isomwe yote kwa sauti, kwa lugha ambayo kila memba anaielewa, kabla ya hisa ya kwanza ya mzunguko mpya kununuliwa. Asiyekubali aondoke siku hiyo, akiwa ameshachukua mgao wake wa Desemba. Memba mpya wa Machi asomewe tena, peke yake, na asaini. Kisha nakala moja iende kwa afisa maendeleo ya jamii wa sabukaunti mnapojisajili, nyingine ikae sandukuni. Funguo tatu za sanduku zishikwe na memba watatu wasio wa kamati, kila mmoja kutoka nyumba tofauti.

Katibu_Koboko

Wawili kati ya wenye funguo wetu ni mtu na shemeji yake. Nalipeleka hilo Jumapili pamoja na mengine.